Jina Kabla ya "Bin": Uteuzi wa Majina ya Wahusika wa Nasaba Mbili

Suala la majina ya wahusika limepewa nafasi finyu katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Aghalabu mhakiki huridhika na kuonyesha kwamba jina fulani ni la majazi, akalifafanua kwa msaada wa kamusi, kisha akaendelea na maudhui kana kwamba jina ni kizingiti tu cha kurukwa. Njia hiyo yafaa pale ambapo mhusika ni mmoja katika asili yake. Mwovu akiitwa Hasidi na mwema akiitwa Adili, msomaji hatatizwi. Ugumu hujitokeza pale mhusika anapokuwa wa nasaba mbili, mzaliwa wa jamii mbili zisizokubaliana juu ya yeye ni nani. Makala haya yanakusudia kuuchunguza ugumu huo, na yanaanzia mahali ambapo wahakiki wa Kiswahili hawajazoea kupatazama: michezo ya kuigiza wahusika wa kifantasia, na hususa yule mhusika ambaye wachezaji humwita nusu-elfi.

Mchezo ulio mama wa michezo hiyo, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi pamoja. Mmoja wao husimulia ulimwengu na mikasa yake, wengine kila mmoja husema na kutenda kwa niaba ya mhusika aliyembuni, na dadu huamua yale ambayo maneno pekee hayawezi kuyaamua. Mtafiti wa fasihi simulizi hatashindwa kuutambua utanzu huu: ni usimulizi wa papo kwa papo ambamo fanani na hadhira wamekubali kubadilishana viti. Mchezaji, awe Wisconsin ulikoanzia mchezo huo au Kabiria, magharibi ya Nairobi, hukabidhiwa karatasi ya mhusika yenye nafasi nyingi za kujazwa: nguvu, wepesi, hekima, silaha. Nafasi ya juu kabisa ni ya jina.

Elfi wa michezo hii ni mtoto wa ngano za Ulaya ya kaskazini aliyelelewa upya na J. R. R. Tolkien, mwanaisimu wa Oxford: kiumbe mfano wa binadamu, mzuri wa sura, mwenye umri mrefu kupita kiasi. Nusu-elfi ni mtoto wa elfi na binadamu. Kwa Tolkien, jambo hili halikuwa la mapambo. Ndugu wawili wa nasaba hiyo, Elrond na Elros, walitakiwa kuchagua. Mmoja akachagua kuhesabiwa na maelfi, mwingine akachagua kufa kama binadamu, na hakuna aliyeruhusiwa kubaki katikati. Waandishi wa Marekani waliomfuata waliichukua hali hiyo ya katikati na kuifanya makazi ya kudumu. Nusu-elfi yumo katika kitabu cha wachezaji cha 1978 kama asili mojawapo ambayo mtu anaweza kuichagua, na mwaka 1984, katika riwaya ya Margaret Weis na Tracy Hickman, akatokea Tanis, ambaye kwa maelfi ni Tanthalas. Jina refu ni la waliomlea. Jina fupi ni la binadamu ambao ulimi wao haukuliweza lile refu. Hapo, yamkini bila waandishi kukusudia mengi, jambo la msingi limeguswa: mhusika wa nasaba mbili hana jina moja lenye sehemu mbili. Ana majina mawili, na tofauti ya majina hayo ni tofauti ya waitaji.

Bahati mbaya, sehemu kubwa ya desturi ya wachezaji imeliacha funzo hilo na kushika lililo jepesi zaidi. Jina la nusu-elfi huundwa kwa kuunganisha silabi: konsonanti nyororo na vokali nyingi kutoka upande wa maelfi, kishindo kidogo kutoka upande wa binadamu, na pengine alama ya ritifaa katikati ili msomaji ajue kwamba hapa pana ugeni. Jina la namna hiyo laweza kuwa tamu masikioni, lakini halielezi chochote kuhusu aliyelitoa. Ni jina lisilo na mzazi. Kitabu cha 2014 kilikuwa makini zaidi. Kilieleza kwamba nusu-elfi anayelelewa na binadamu mara nyingi hupewa jina la kielfi, na anayelelewa na maelfi huchukua la kibinadamu, kana kwamba kila jamii inamkumbusha kuwa si wake kamili. Itaonekana baadaye kwamba kauli hiyo fupi iko karibu sana na Dagoretti kuliko waandishi wake walivyoweza kujua.

Kabla ya jina la mhusika pana jina la aina yake, na hapo Kiswahili kinatoa upinzani wa kuchekesha. Neno la Kiingereza likiandikwa kwa matamshi ya Kiswahili bila hadhari, linakuwa "elfu", na nusu-elfu wa watu ni shilingi mia tano katika duka lolote la Kabiria. Kuliandika "elfi" ni kukwepa tu. Lakini utani huo una ncha. Lugha ya mitaani Nairobi humwita mtu wa wazazi wa rangi mbili "pointi faivu", yaani nukta tano, nusu ya mtu kwa hesabu ya desimali. Chotara, neno la kawaida zaidi, hutumika pia kwa kuku, ng'ombe na mbegu za mahindi. Suriama, lililo kongwe, limebeba suria ndani yake, na hivyo humsema mama kabla halijamsema mtoto. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo ambalo mtu angelichagua kujiita mwenyewe. Yote ni maneno ya mtu anayetazama kutoka nje.

Kinyume cha hayo, Kiswahili cha ndani, kile cha barazani na harusini, hakina haja ya nusu. Nusu ni kipimo cha nyama na cha mkate. Mtu wa pwani aliyezaliwa na baba wa Lamu na mama wa Ngazija haelezwi kuwa nusu Mngazija. Husemwa kwamba wajomba zake ni Wangazija, au kwamba kwao ujombani ni Ngazija. Tofauti si ya adabu pekee. Nusu humgawa mtu. Ujomba humwongezea watu. Anayesema "ujombani" amekwisha kukiri kwamba upande wa pili una nyumba, una wazee, una haki ya kuulizwa wakati wa posa na wakati wa msiba, na una haki ya kutoa jina. Mfasiri wa michezo hii atakayetaka kumleta nusu-elfi katika Kiswahili angefanya vyema kuacha kutafuta neno na badala yake kutafuta sentensi: wajomba zake ni maelfi.

Iwapo elfi mwenyewe atatafutiwa jamaa katika ngano zetu, zimwi hafai, kwa maana zimwi hula watu wala haoi kwao. Aliye karibu ni jini. Jini wa pwani ana mji, ana dini au hana, ana kabila, hupenda, huoa, na hadithi za watu walioolewa na majini zimeenea kutoka Lamu hadi Unguja. Lakini hapo ndipo lugha inapofichua jambo zito. Kiswahili kina maneno ya kawaida ya kiumbe mtu ambayo ni majina ya ukoo. Binadamu ni bin Adamu. Mwanadamu ni mwana wa Adamu. Kuwa mtu ni kuwa mwana wa fulani, na K. W. Wamitila alilijua hilo alipoipa riwaya yake ya 2002 anwani ya Bina-Adamu!, akilivunja neno katikati ili mshono wake uonekane. Sasa, mtoto ambaye baba yake ni jini si bin Adamu kwa baba, ijapokuwa tumbo lililomzaa ni la bint Adamu. Lugha inamkatalia utu kwa njia ileile inayotumia kumpa mtu jina. Kwa hiyo swali la "mhusika huyu aitweje" si la mwisho katika karatasi ya mchezaji wa Kiswahili. Linatangulia swali la kama yeye ni mtu.

Fasihi ya Kiswahili ina mhusika wa kale ambaye katika yeye swali hili lilikwisha kuulizwa na kuachwa bila jibu. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika mwaka 1913 kutokana na mapokeo ya kale zaidi, Wagala, kama utendi unavyowaita Waoromo, wanamwona Liyongo na kuingiwa na hofu na tamaa kwa pamoja. Wanataka uzao wake. Anapewa mke wa Kigala, na anazaliwa mtoto wa kiume. Mtoto huyo hukua, hushawishiwa na mtawala wa Pate kwa ahadi ya kuozwa binti yake, humwendea baba, humwuliza ni kitu gani kiwezacho kumwua, huambiwa kuwa ni sindano ya shaba ya kitovu, na humchoma usingizini. Kisa kizima cha kifo cha shujaa mkubwa wa pwani kinategemea mkono wa kijana huyu. Na utendi haumtaji kwa jina.

Wahakiki wameandika mengi kuhusu kifo cha Liyongo, kuhusu sindano, kuhusu namna alivyopiga goti karibu na kisima akiwa na upinde wake hata watu wakaogopa kuteka maji. Kuhusu jina lisilokuwapo, hapana mengi. Yaweza kujibiwa kwamba tendi za kale huwaacha wengi bila majina na kwamba mtunzi alihitaji kitendo, si mtu. Jibu hilo halitoshi. Mapokeo ya Liyongo yanahifadhi jina la mama yake, Mbwasho, na hata la Saada, kijakazi aliyempelekea gerezani mkate uliofichwa tupa. Aliyebeba mkate ana jina. Aliyebeba sindano hana.

Maelezo ya pili, ambayo huja haraka akilini, ni kwamba kunyimwa jina ni adhabu: msaliti hufutwa. Hili lina uzito, lakini linachukulia kwamba palikuwa na jina la kufutwa. Utendi unavyokwenda, kijana huyu hakuwahi kupewa nafasi ya kuwa nalo. Tangu kabla hajazaliwa yeye ni matumizi. Kwa Wagala ni mbegu. Kwa mtawala wa Pate ni chombo cha kufikia kitovu cha Liyongo. Kwa Liyongo ni mwana, lakini mwana ambaye baba anamjibu swali la mauti huku akijua, utendi unavyodokeza, nini kinachoulizwa. Kila upande una haja naye, na hapana upande uliomwita. Katika jamii ambamo kutoa jina ni kukiri dhamana, kutokuwa na jina si adhabu ya kosa. Ni chanzo chake. Ahadi ya mtawala wa Pate yaonekana sasa kwa sura nyingine: kijana hakununuliwa kwa mwanamke wala kwa mali. Aliahidiwa ukwe, yaani nyumba ambamo angeweza kuitwa fulani. Anajulikana kuwa bin Liyongo, na mbele ya "bin" hapana kitu. Ahadi ile ilikuwa ya kujaza pale.

Kwa mtazamo huu mtunzi hakusahau. Kimya chake ni mbinu, na pengine ni mbinu nzito kuliko zote katika utendi, kwa sababu msikilizaji wa Lamu, aliyejua majina ya babu zake kwa vizazi vingi, hakuweza kuusikia utendi ukimpita kijana huyu mara kwa mara bila kuhisi shimo.

Riwaya na hadithi za karne ya 20 zilijaribu kulijaza shimo la namna hiyo kwa majazi, na hazikufaulu sana. Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952) ana majini, ana viumbe waliogeuzwa maumbo, ana ndugu wawili walioingizwa katika miili ya manyani. Yaani ana kila kitu ambacho mchezaji wa fantasia angekitaka. Lakini majina yake yamekwisha kuhukumu kabla ya tendo. Hasidi na Mwivu ni Hasidi na Mwivu wakiwa watu, na ni haohao wakiwa manyani; mwili hubadilika, hukumu haibadiliki. Huria, binti wa majini, ana jina zuri mno, lakini jina hilo halimwambii msomaji lolote kuhusu ujini wake. Hili si kosa katika hadithi ya maadili, na uzuri wa mpangilio wa Shaaban Robert hauna shaka. Kosa ni la wale wanaomwiga wakidhani kwamba majazi yatamfaa kila mhusika. Majazi ni jina la mtu ambaye kesi yake imekwisha. Mhusika wa nasaba mbili, kama ana uhai wowote, ni mtu ambaye kesi yake bado inasikilizwa, tena mbele ya mabaraza mawili.

Katama Mkangi alifanya jambo la werevu zaidi katika Walenisi (1995). Dzombo anapofika katika ulimwengu wa mbali, jina la ulimwengu huo likitamkwa polepole husema "wale ni sisi". Mkangi alitambua kwamba ugeni hauondoki kwa kumpa mgeni jina la kigeni. Jina lenyewe linapaswa kuwa sentensi yenye pande mbili, wale na sisi, na kitenzi kati yao. Hata hivyo hilo ni jina la jamii. Mkangi hakuwa na haja ya kulipeleka kwa mtu mmoja. Ken Walibora katika Siku Njema (1996) alifika karibu. Kongowea Mswahili, kijana anayetoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya, amebeba jina la mtaa wa Mombasa na jina la watu ambao mipaka yao haijawahi kukubaliwa na yeyote. Ni jina la njia zaidi kuliko la nyumba. Walibora alitumia riwaya nzima kumtafutia mwenye jina hilo mtu wa kumwita mwanangu.

Inafaa sasa kurudi Kabiria, kwa maana pale jambo ambalo fasihi imelihangaikia lilikwisha kufanyiwa kazi na watu wasioandika riwaya. Kabiria, pamoja na Riruta, Waithaka na Mutuini, imo katika eneo la Dagoretti, na Dagoretti kabla ya kuwa kitongoji cha Nairobi ilikuwa mpaka: upande mmoja mashamba ya Wakikuyu, upande wa pili malisho ya Wamaasai. Lugard alipojenga boma lake pale mwaka 1890, alifanya mapatano na Waiyaki wa Hinga, ambaye wanahistoria humtaja kuwa wa nyumba yenye asili ya Kimaasai, na ambaye alikufa Kibwezi mwaka 1892 akiwa anapelekwa pwani kama mfungwa. Jina Waiyaki leo ni la barabara kuu inayopita Westlands na Kangemi, na ni la shujaa wa The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1965), aliyewekwa kati ya matuta mawili, Kameno na Makuyu, asiweze kuyaunganisha. Ngũgĩ hakuhitaji majazi. Alichukua jina la mtu wa mpakani na kuliacha lifanye kazi.

Lakini mfano ulio bora si wa shujaa. Ni wa jina la kike la kawaida kabisa, Nyokabi. Wakikuyu waliwaita Wamaasai Ukabi, na Nyokabi ni wa Ukabi, yaani wa Wamaasai. Ni jina linalotolewa na Wakikuyu kwa mtu aliye kwao, likisema kwamba ana kwao kwingine. Hapa ndipo ile kauli ya kitabu cha 2014 inapothibitishwa: anayelelewa na jamii moja hupewa jina la jamii ya pili. Lakini kitabu kiliishia pale ambapo Dagoretti ilianza. Kwa utaratibu wa Kikuyu, binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba, wa pili kwa jina la mama wa mama. Mwana wa kwanza kwa jina la baba wa baba, wa pili kwa jina la baba wa mama. Utaratibu huo, ambao haukubuniwa kwa ajili ya machotara, unahakikisha kwamba ujombani hapasahauliki, kwa sababu mtoto wa pili ni wao kwa jina. Na unafanya jambo jingine, la ajabu zaidi. Nyokabi wa kwanza aliitwa hivyo kwa sababu ya damu. Mjukuu wake aliitwa hivyo kwa sababu ya nyanya. Baada ya vizazi vinne au vitano pana Nyokabi wengi wasio na Mmaasai yeyote anayekumbukwa, na jina ambalo lilikuwa alama ya ugeni limekuwa alama ya kuwa wa nyumbani, bila kubadili hata herufi moja.

Kabiria ya leo si ya Wakikuyu peke yao. Wamo Waluhya, Waluo, Wakisii, Wakamba, na wapangaji wa kila upande, na ndoa zao zimeleta majadiliano ya majina ambayo mwandishi yeyote wa tamthilia angeyaonea wivu. Miongoni mwa Waluo na Waluhya imejulikana desturi ya kumsomea mtoto mchanga anayelia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, hadi anyamaze. Jina alilonyamazia ndilo lake. Wazazi wa mtoto hawamchagulii, na wala yeye hajichagulii kwa maana tuliyoizoea. Jina humjia, naye hulikubali. Mama wa Kikuyu asiyeolewa naye, kwa desturi, humwita mwanawe wa kwanza kwa jina la baba yake mwenyewe, na hivyo mtoto huingia katika ukoo kupitia mlango ambao sheria ya baba haikuufungua. Katika hali zote hizi swali si "jina gani linalingana na mchanganyiko huu?" Swali ni "nani anayedai?"

Uzito wa swali hilo umejulikana Nairobi kwa njia ya uchungu. Katika wiki za mwanzo za 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vizuizi viliwekwa katika barabara za Kenya na watu wakatakiwa watoe vitambulisho. Jina la mwisho lilisomwa kabla ya uso kutazamwa. Oktoba 2017, Kawangware, umbali wa kutembea kutoka Kabiria, ilishuhudia tena majirani wakigawanyika kwa makabila. Mwenye jina la upande mmoja na mama wa upande wa pili alikuwa salama au hatarini kwa kutegemea nani aliyeshika kitambulisho chake. Msomaji wa kizuizini ni msomaji wa majazi: anaamini kwamba jina limekwisha kumwambia yote. Ni jambo la kufikirisha kwamba mbinu ambayo wanafunzi wa fasihi hufundishwa kuitambua kama pambo ndiyo njia ya kusoma iliyotumika pale.

Kwa sababu hiyo haiwezekani kukubali moja kwa moja ufumbuzi wa kitabu cha wachezaji cha 2024, ambacho kimemwondoa nusu-elfi katika orodha ya asili. Wabunifu wa mchezo huo walionyesha kutoridhika na msamiati wa "nusu", na kutoridhika huko ni kwa haki. Mtu aliyewahi kuitwa pointi faivu hahitaji kufafanuliwa kwa nini. Lakini kulifuta neno baya bila kuleta sentensi iliyo bora ni kumrudisha mhusika pale alipokuwa mwana wa Liyongo. Atakuwapo mezani, kwa maana wachezaji wataendelea kumbuni. Ila hatakuwa na nafasi yake katika kitabu. Dosari ilikuwa katika kumgawa. Haikuwa katika kumtaja.

Pana utamaduni mmoja wa uigizaji katika pwani yetu ambao ungeweza kuwafundisha wachezaji jambo. Katika ngoma za pepo za Unguja, pepo anapompanda mtu hutakiwa ajitambulishe. Huulizwa jina lake, kabila lake, ametoka wapi, anataka nini. Yule yule aliyeketi sasa ana majina mawili, na waliohudhuria hujua wakati gani wamwite kwa lipi. Jina la pepo halikuandikwa kabla ya ngoma kuanza. Limepatikana kwa kuulizwa, mbele ya watu, na tangu hapo linawafunga waulizaji kama linavyomfunga aliyejibu. Hakuna haja ya kuamini pepo ili kuona kwamba, kama kanuni ya utunzi, utaratibu huo ni mkomavu kuliko orodha ya silabi.

Mchezaji wa Kabiria anayemtaka mhusika wa nasaba mbili angeweza basi kuiacha ile nafasi ya juu wazi anapoanza, na kuandika chini yake vitu viwili tu: kwao kwa baba ni wapi, na kwao ujombani ni wapi. Mchezo ukianza, mwenzake anayeigiza mzee wa upande mmoja atamwita kwa jina lililo la marehemu fulani wa upande huo, na mwingine, siku nyingine, atamwita kwa jina tofauti kabisa, pengine kwa kejeli, pengine kwa sababu ulimi wake haukuliweza la kwanza. Mhusika ataitikia mojawapo, au yote mawili, au atanyamaza. Mambo mengi yatajulikana kumhusu kutokana na anavyoitika, na nafasi ya juu ya karatasi inaweza kujazwa kwa kalamu ya risasi.